Gitaa la Pili

Mteja wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye hata ukimkanyaga mguu anaomba radhi yeye. Alikuwa amelala kwenye kiti cha kinyozi, kidevu juu, povu hadi masikioni, mara akafungua jicho moja.

"Kinyozi, hebu subiri kidogo. Kwani unanipapasa nini?"

"Nikupapase wewe? Kwa uzuri upi, mwalimu?"

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aligusa shingo yake upande wa kushoto, pale kinyozi alipokuwa ameweka mkono kumshikilia asitikisike.

"Vidole vyako vinatembea," alisema. "Vinabonyeza, vinapanda, vinashuka. Kama vinatafuta kitu."

Kinyozi aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umetulia zake. "Huo ni mshipa wako mwenyewe. Punguza kahawa," akasema, akaendelea kunyoa. Lakini siku hiyohiyo ndiyo aliyoanza kusikia ile harufu, harufu ya vumbi linaloungua, kama redio ya zamani inapowashwa baada ya kukaa kabatini miaka. Alishika plagi moja moja. Alishika mashine ya kunyolea. Hakuna kilichokuwa cha moto.

Ngoja nikueleze huyu kinyozi ni mtu wa namna gani, usije ukasema alijitakia. Alikuwa mtu wa kazi na nyumba yake. Mke wake alikuwa mpishi wa mikate, anatoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo kumwandaa mtoto kwenda shule ilikuwa kazi ya baba. Mtoto mwenyewe, binti yao wa pekee, walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, baba yake anamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia unachana, huku yeye anasimulia ndoto aliyoota, paka wa jirani, na nani kamkojolea nani darasani. Kinyozi alikuwa akisema kwamba wateja wote wa siku nzima hawamfikii huyo mmoja wa bure.

Ukimtoa mke na mtoto, alikuwa na kaka yake. Wazazi wao walikufa mapema, na huyo Kaka ndiye aliyemlea, akamvalisha, akamsomesha, akamnunulia mashine ya kwanza ya kunyolea. Kaka alikuwa mpiga solo wa bendi iliyotumbuiza kwenye ukumbi wa hoteli, na watu walikuwa wanajaa pale kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Ulikuwa wimbo wa rock ya zamani ya kusini mwa Marekani, wa enzi za wanaume wenye nywele za kufika mabegani na suruali pana miguuni. Unaanza taratibu, mtu anaimba habari za barabara na kwao alikokuacha, halafu maneno yanakwisha na gitaa linashika usukani, na hapo ndipo watu wazima walikuwa wanasimama juu ya viti. Ile solo imetungwa kwa magitaa mawili. La kwanza linaongoza, la pili linakwenda nalo juu yake kidogo, bega kwa bega, kama ndugu wawili wanaopanda ngazi pamoja.

Kaka aliipiga peke yake. Na kila aliyesikia aliapa kwamba amesikia magitaa mawili.

"Huyo si mtu, huyo ni mashine," watu walisema. Mke wa Kaka hakusema hivyo. Alifunga mizigo yake akaondoka hata mtoto hawajapata, na alipoulizwa alijibu tu kwamba ndani ya nyumba ile walikuwa wanakaa watatu. Watu wakadhani kuna mwanamke. Watu nao wanapenda kudhani mambo mepesi.

Tangu ndevu hazijamwota, kinyozi aliomba kufundishwa ile solo, na kila mara alijibiwa kwamba vidole vyake bado ni vya kitoto. Alishakata tamaa. Basi miezi michache kabla ya mwalimu kulalamika, Jumatatu moja, siku ambayo duka hufungwa, Kaka akaja na gitaa mgongoni, macho yamezama, mashavu yamebonyea.

"Mdogo wangu, leo naanza kukufundisha."

"Unanitania."

"Sikutanii. Chukua kiti."

Alifundisha kwa mtindo wake wa ajabu. Kipande kimoja kwa siku, basi. Alikipiga mara moja, polepole, kisha akampa mdogo wake gitaa, akasimama nyuma yake na kumpangia vidole juu ya nyuzi kimoja kimoja, mkono juu ya mkono, hadi vidole vya mdogo vikaanza kutembea vyenyewe chini ya vile vya mkubwa. "Usisikilize kwa masikio," alimwambia. "Sikiliza kwa ngozi." Kinyozi akikipata kipande, Kaka alishusha pumzi ndefu na kusema, "Hiki sasa ni chako." Na hakukipiga tena. Hata alipoombwa akirudie kidogo tu, alitikisa kichwa. "Nimeshakupa. Mimi sinacho."

Kinyozi alidhani ni utani wa wasanii. Aliona kaka yake ananenepa na akafurahi. Aliona vivuli chini ya macho vinafutika, mluzi unarudi mdomoni, na kwamba Kaka amekuwa na tabia ya kuweka mkono wake wa kushoto juu ya paja na kuutazama, kama mama anavyomtazama mtoto msumbufu aliyepata usingizi hatimaye. Akasema moyoni, kumbe alikuwa mpweke, kumbe alikuwa ananihitaji.

Siku ya noti ya mwisho, ile ndefu inayovutwa hadi inalia, Kaka alienda kusimama nje. "Ipige mimi nikiwa huku," alisema. Kinyozi akaipiga. Ilitoka safi, ikajaa duka zima, na kupitia kioo cha mlango alimwona Kaka amefunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika. Analia kwa fahari, kinyozi akafikiri, na yeye machozi yakamtoka. Maskini ya Mungu, hajui anachokililia.

"Na gitaa lenyewe chukua," Kaka alisema akiwa anaondoka. Hakugeuka hata kulipungia mkono.

Baada ya malalamiko ya mwalimu kukapita siku kadhaa bila jambo. Kisha mchana mmoja umeme ukakatika, na kinyozi asiye na umeme hana la kufanya. Benchi lilikuwa tupu. Akalichukua gitaa, halijaunganishwa na spika wala nini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza ile solo kwa sauti ndogo ya nyuzi tupu.

Akasikia la pili.

Lilikuwa linakwenda naye, juu yake kidogo, taratibu. Alidhani ni mwangwi. Akasimamisha mkono ghafla, na lile gitaa la pili likapiga noti moja zaidi ndipo likanyamaza.

"Nani?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

Sasa, duka lile lilikuwa na vioo viwili vinavyotazamana, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili mteja aone kisogo chake. Kinyozi aliinua macho kwenye kioo cha mbele huku vidole vyake, bila yeye kuviamuru, vikianza tena kutembea, na akajiona amekaa na gitaa kifuani kama alivyokaa, shati lilelile, uso uleule uliomtoka jasho, isipokuwa mkono wa kwenye kioo haukuwa mahali mkono wake ulipokuwa, ulikuwa umepanda juu zaidi kwenye shingo ya gitaa, unapiga sauti ya pili, haukosei, haukimbii, na nyuma ya huo, katika kioo ndani ya kioo, ulikuwepo mwingine, na nyuma yake mwingine, msururu wa mikono ya kushoto inayokwenda hadi pale kioo kinapogeuka kijani na giza, yote inapiga, na ile ya mbali kabisa haikuwa na rangi ya ngozi yake wala ya ngozi ya mtu yeyote, na harufu ya vumbi linaloungua ilikuwa imejaa hadi ikamkaba kooni.

Gitaa lilimponyoka likaanguka. Muziki haukusimama mara moja.

Kuanzia hapo mambo yakamwagika. Fundi viatu wa duka la jirani, rafiki yake wa miaka, alikuja kunyolewa ndevu, na mkono wa kushoto ukamshika koo, ukabonyeza, ukapanda, ukashuka, ukafika kwenye ile noti ya mwisho inayovutwa, ukavuta. Kinyozi alilazimika kuangusha wembe na kuung'oa mkono wake kwa mkono wake. Fundi viatu alitoka mbio na povu lake usoni, na habari zilitoka naye. Ndani ya wiki benchi likawa la nzi.

"Mume wangu," mke wake alimwambia jioni mezani, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango wa chumba cha mtoto, "nikwambie kitu usinikasirikie?"

"Sema."

"Huo mkono. Ukilala, unatembea mgongoni kwangu."

"Natapatapa tu usingizini."

"Hutapatapi. Unapiga wimbo. Na nikitega sikio…" akautupia jicho ule mkono. "Nikitega sikio ukutani, kuna anayeitikia."

Kesho yake mke alimpeleka kwa mganga, mama wa makamo mwenye miwani mizito, aliyekuwa akiagulia nyuma ya duka la vitambaa. Kulikuwa na benchi la kusubiria kama kwa daktari wa meno, na mke akabaki hapo. Mama yule hakupiga kelele wala hakujirusharusha. Aliushika mkono wa kushoto, akaulaza juu ya meza, akafunika kwa kitambaa cheupe, akainama na kuuongelesha kwa sauti ndogo. Chini ya kitambaa vidole vikaanza kutembea. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Kaka yangu."

"Wa damu?"

"Tumbo moja."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena. "Wengi wanaokuja hapa wamevamiwa na majini. Wewe hukuvamiwa, baba. Wewe umekabidhiwa."

"Sijakuelewa."

"Umenielewa."

Kweli alikuwa amemwelewa. "Mtoe basi, mama. Nakuomba."

"Simwezi. Nimemsihi, ananicheka. Anasema aliingia kwa mkono, atatoka kwa mkono. Lazima apate mtu wa damu yako, tena unayempenda, aujue huo muziki wote, mwanzo hadi mwisho. Asiye wa damu hamtaki. Usiyempenda hamtaki."

"Sitamfundisha mtu. Gitaa nitalichoma moto leo."

"Gitaa lina kosa gani?" mganga alisema, na kwa mara ya kwanza akaonyesha hasira. "Choma, upate moto wa kuota. Yeye hakai kwenye gitaa. Utunze huo mkono, baba. Uangalie unagusa nini."

Alikwenda moja kwa moja kwa Kaka. Alimkuta amelala kwenye kochi mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma, mkono wa kushoto umening'inia hadi sakafuni, umelegea, hauna habari. Kinyozi alisimama akamtazama. Huyu ndiye aliyekuwa anampulizia uji ili usimuunguze. Akamtikisa.

"Ulijua?"

Kaka alifumbua macho. Hakuuliza alijua nini, na hilo ndilo lililomaliza kila kitu.

"Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Hujui nilivyokuwa nimechoka."

"Nilikuuliza, ulijua?"

"Mke aliniacha. Usingizi uliniacha. Nilimpelekea huyo wa mkononi mpiga besi, akamkataa kwa kuwa si damu yetu. Nikamfundisha yule binamu yetu mwizi, akamkataa pia, kwa sababu simpendi. Mtoto sina. Nilikuwa na wewe tu."

"Kwa hiyo umeniuza mchana kweupe, na umeniuza kwa sababu unanipenda."

Kaka alijifuta uso. "Hata wewe utapata nafuu siku moja. Una mtoto."

Kinyozi hakuwahi kumwinulia kaka yake sauti, seuze mkono. Alimzaba kofi lililogeuza kichwa chake. La mkono wa kulia. Wa kushoto haukumsaidia.

"Nitakufa nao huu mkono," alisema, na alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha. "Nitazikwa nao. Mtoto wangu hampati wewe wala huyo mwenzako. Na kuanzia leo usiniite mdogo wako."

Gitaa alilichoma uani. Nyuzi zilikatika moja moja kwenye moto, na kila iliyokatika ilitoa sauti. Kaseti za wimbo alizitupa. Alimkataza mke wake hata kuimbaimba jikoni. Nyumbani aliufunga mkono kwa kitambaa, anaufungua asubuhi tu, kwa sababu nywele hazichaniki kwa mkono mmoja.

"Niachie mimi nimsuke jioni," mke wake alimwambia. "Nywele zikae wiki nzima, na wewe upumzike."

"Ile ndiyo saa yangu na mwanangu," alijibu. "Kaka ameshaninyang'anya kila kitu. Na hiyo nayo mnataka kuninyang'anya?"

Mke hakubisha. Kile ambacho mganga alisema kuhusu damu, kinyozi hakuwa amemwambia. Aliona aibu kwa niaba ya kaka yake, aibu gani sijui.

Basi kila asubuhi Chiriku alikaa kwenye kigoda, mkono wa kulia unachana, wa kushoto umemshika kichwa. Mwanzoni alikuwa anacheka. "Baba, unanitekenya." Baadaye akaacha kucheka. Hadithi za paka zikapungua, za ndoto zikakoma. Asubuhi moja kinyozi alihisi kichwa cha mtoto kikiitika chini ya kiganja chake, polepole, kwa mapigo, kikitangulia kidogo pale kidole kinapotaka kwenda. Anasinzia, akajiambia. Shule siku hizi wanawaamsha mapema mno. Kesho yake kiliitika tena, na akajiambia vilevile tena.

Kisha akaamka asubuhi moja na jua liko dirishani. Alikuwa amelala usiku kucha. Aliunyanyua mkono wa kushoto, akaukunja, akaukunjua. Ulikuwa mwepesi. Ulikuwa wake! Alimchana Chiriku haraka haraka kwa furaha, akambusu utosini, akaenda dukani akafungua milango kama mtu aliyerudi kutoka ughaibuni. Harufu ya vumbi haikuwepo. Mwalimu wa hesabu alipita, akachungulia, akasitasita.

"Ingia, mwalimu! Leo bure!"

Alimnyoa hadi kidevu kikang'aa. Mkono wa kushoto ulikaa shingoni kwa adabu zake zote. "Umepona," mwalimu alisema akijishika mashavu, na kinyozi akacheka. Mchana mzima alipiga mluzi. Alipokosa mteja alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akaulaza mkono juu ya paja, akawa anautazama.

Alifunga mapema ili akamwambie mke wake. Mke alikuwa bado hajarudi. Kwenye kizingiti cha nyumba yake aliisikia harufu, vumbi linaloungua, na akasimama huku funguo zikiwa mkononi.

Chiriku alikuwa amekaa mezani na madaftari yake. Alikuwa ameshika rula ndefu ya shule, kaiegemeza kifuani, na vidole vyake vidogo vya kushoto vilikuwa vinatembea juu yake, vinabonyeza, vinapanda, vinashuka. Hakuna uzi. Hakuna gitaa ndani ya nyumba ile. Lakini kutoka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, kwa sauti ndogo sana, gitaa lilikuwa linapiga sauti ya pili.

"Mwanangu," kinyozi alisema. Akakaa chini palepale. "Mama, nani kakufundisha hivyo?"

Mtoto aligeuka. Macho yake yalikuwa yamezama, ya mtu mzima aliyekosa usingizi.

"Si ni wewe," alisema. "Asubuhi, ukinichana. Jana ndiyo tulimaliza." Vidole vyake havikusimama. "Kaondoka kwako kaja kwangu. Ananiambia wewe umelala vizuri."

Kabatini gitaa lilifika kwenye noti ndefu, likaivuta. Chiriku alingoja iishe, kisha akamtazama baba yake usoni.

"Baba, ulijua?"

Kinyozi aliinamisha macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya paja, umetulia tuli, na alikumbuka kwamba asubuhi ile, alipoukuta mwepesi, hakujiuliza hata mara moja yule mgeni wake ameenda wapi.